Punda wa Obeid Hakunipita

Jumatatu, 4 Machi 1957

Wote waongo! Kijiji chetu cha Hindi kizima, Mokowe nzima, na Amu ng'ambo huko, wanaisimulia vibaya. Ati Jumamosi gari langu mimi Famau lilishindwa na mpando wa mtanga, kile kilima cha mchanga, punda wa Obeid akalipita. Ati punda aligeuka akatazama nyuma. Jana nimesikia jipya — ati alisimama kulingoja!

Naandika mwenyewe, kwa herufi zangu za chuoni. Barazani nikifungua mdomo Obeid anaukamata mkia wa maneno yangu na kukimbia nayo. Daftari halinikatizi.

Ilivyokuwa ni hivi. Punda alikuwa mbele yangu tangu mwanzo. Aliye mbele hawezi kukupita, hata akiwa punda wa Obeid. Nilipoushika ule mpando hapa kwetu Hindi, gari likapoa. Halikuzima. Halikugonga. Halikutoa moshi mweusi. Nakanyaga mafuta mpaka mguu unagusa bati, na lenyewe linasema mmmmm, kama mtu anayeitikia jambo asilolitaka. Gia ya kwanza. Mtanga. Likasimama. Punda akaendelea na safari yake. Huko si kupita. Huko ni kuondoka.

Mahfudha, mke wangu, alikuwa ubavuni kwangu. Pumu yake imerudi, tena kwa hasira. Nilikuwa nampeleka Mokowe, avuke Amu, spitali wampige ile sindano ya mwaka jana iliyomlaza kama mtoto. Mashua ilikuwa inatungoja pwani, bamvua, maji yamejaa mpaka mguuni mwa watu. Tukarudi kinyumenyume mpaka pahali pa kugeuzia. Mashua haikungoja.

Na hili wanaliacha wote: Mahfudha alicheka! Alimwona punda anavyotikisa matako akiondoka, akashika mlango, akacheka mpaka mato yakamjaa machozi. Wanaosema alikuwa analia hawakuwamo garini. Nilikuwamo mimi.

Basi leo nimeanza kulitafuta gonjwa la gari. Mimi nimeendesha lori vitani mpaka Habeshi. Kuna mlima kule, mbuzi wanaushuka kwa matako kwa hofu. Mimi niliupanda na mapipa ya maji ya jeshi, sikumwaga tone. Nitashindwa na mtanga wa Hindi?

Kwanza mafuta. Petroli yetu inavuka kwa debe, na debe halijaoshwa tangu lizaliwe. Nikafungua bomba, nikalipuliza kwa mdomo. Limetoka kutu, kijiti, na mdudu ambaye nadhani alikuwa nyuki. Kabureta nimeiosha kama maiti ya tajiri. Nikawasha. Limesimama pale linanguruma vizuri kama paka aliyeshiba. Nikalitia ndiani, kwenye mtanga.

Mmmmm.

Vile vile. Na chai yangu yote jioni hii ina ladha ya petroli.

Binti yangu Khairiya, aliyeacha mji wake Amu kuja kumuuguza mamake, akaniuliza: Baba, tusimwite Obeid na wenzake wambebe kwa kitanda mpaka Mokowe? Nikamwambia kitanda kinachokwenda mabegani mwa wanaume mimi nakijua kinapelekwa wapi. Mamako atakwenda kwa gari, amekaa mbele kama bibi harusi.

Alirudi ndani.


Jumanne, 5 Machi

Leo plagi. Nimezitoa zote nikazipanga juu ya mkeka. Nyeusi kama meno ya mla tambuu. Nikazisugua kwa ngozi ya taa, ile ambayo mafundi wa majahazi wanasugulia mbao. Kule Mombasa wanauziwa makaratasi ya kusugulia. Sisi tuna samaki.

Wazir akaja. Fundi wa majahazi, sahibu yangu, mtu mzito wa mkono na mwepesi wa ulimi. Yeye ndiye aliyenitibia bomba la moshi mwezi uliopita. Lilikuwa limeoza kwa kutu, limetoboka chini ya miguu yetu. Kila nikiwasha, moshi unapanda ndani, Mahfudha anakohoa mpaka nafikiri atapasuka. Kiraka cha bati hakikukaa. Wazir akasema bwana, tundu ni tundu, liwe la jahazi liwe la gari. Akaleta pamba, akaichovya katika sifa, yale mafuta ya papa, akaitia kalafati kwa patasi na nyundo mpaka matundu yote yakashiba. Akapaka na juu. Gari langu ndilo la kwanza katika nti hii linaloweza kuzama na lisiingize maji kwa nyuma! Likanuka kama soko la samaki, lakini moshi — hakuna. Mahfudha akakaa mbele bila kukohoa. Alimwombea Wazir dua mbele yangu. Mimi sijawahi kuombewa dua ndefu namna ile.

Leo Wazir kalizunguka gari, kalipiga mbavu. "Bwana Famau, labda limezeeka tu. Kama mwenyewe."

"Mimi nikizeeka wewe utakuwa umeshasahauliwa kaburini."

"Basi tulitie tanga."

Nikamwambia asukume badala ya kusema. Pale uwanjani palipo pagumu, gia nimetoa. Akalisukuma kwa mkono mmoja, likaenda. Basi si breki, breki hazishiki. Klachi nayo nimeifikiria. Klachi ikiteleza injini inapiga kelele na magurudumu hayana habari. Hili halipigi kelele. Halina hata hamu ya kupiga kelele.

Nikarudisha plagi. Tukalipeleka mpandoni, Wazir kakaa nyuma.

Lilifika pale pale pa Jumamosi. Wazir akateremka akatembea, akanisubiri juu. Akaketi, mshenzi huyo! Akajipepea kwa kofia.

Nimemsimulia Mahfudha nilipoingia, na mikono nimeonyesha. Alinitazama. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.


Jumatano, 6 Machi

Hawezi kulala chini. Akilala chini anazama. Nimekaa kitandani nimempa mgongo, akaegemea, ndivyo tulivyopambazukiwa. Nilikuwa ukuta. Nasikia kifuani mwake filimbi nyembamba, kama mtu anaita paka kwa mbali.

Nikamwambia, Mama Khairiya, umepata mume wa mawe kama nyumba za Amu, na hukulipa hata fundi. Alinigusa bega.

Asubuhi platini, zile ncha zinazorusha cheche. Nikazisugua nazo. Cheche inaruka vizuri, buluu. Nikazungusha hendeli polepole nisikie kama kuna pistoni iliyolegea. Zote zinakataa sawasawa. Moja ilikataa zaidi, hendeli ikarudi ikanipiga kidole gumba, kimevimba. Naandika kwa taabu.

Moto upo. Mafuta yapo. Nguvu ya kunivunja kidole ipo. Sasa gari hili lina nini?

Obeid kapita na punda wake, kasimama uani kwa heshima zake zote za uongo. "Mzee Famau, punda anakusalimu. Anauliza mna safari lini, asije akawazibia ndia."

Nikamwambia punda amshukuru Mungu kwa kupata mwenyewe mwenye akili sawa na yake, hawatagombana. Watu wakacheka. Obeid mwenyewe akacheka. Kisha akaniinamia sikioni, akaniambia pole pole, mbali na watu: kitanda ninacho mimi, ami, na watu wanne nimeshasema nao. Wewe sema tu.

Nikasema jambo jingine la kuchekesha. Silikumbuki.


Alhamisi, 7 Machi

Nimefungua chombo cha kuvutia hewa. Nyigu wamejenga humo nyumba ya udongo, vyumba vingi! Furaha niliyopata, kama nimekuta dhahabu. Nikaita watu. Nikawaambia njooni muone, injini imekabwa koo na nyigu, mimi nilijua tangu mwanzo. Nikaibomoa.

Nikawasha. Mmmmm.

Nimevunja nyumba ya watu bure.

Mahfudha hakula. Uji kauonja kwa ncha ya ulimi. Khairiya hasemi nami ila kwa "ndiyo Baba", na kila "ndiyo" ina kisu ndani.


Ijumaa, 8 Machi

Nimeoga, nimevaa kanzu safi, mikono bado myeusi kwa grisi, haitoki hata kwa majivu. Msikitini nikaificha chini ya kanzu. Khatibu ametukumbusha Ramadhani iko mlangoni. Nikawaza nani atanipikia futari mwaka huu. Nikajitukana kimoyomoyo, msikitini.

Nilipotoka nikawakuta mlangoni kwangu. Obeid, na wale wanne. Na kitanda. Kitanda kizuri cha kamba, wamekitandika shuka nyeupe.

Nyeupe! Waliokuwa na akili kati yao walibaki nyumbani.

Nikasema: "Mnakwenda kumzika nani?"

Obeid: "Mzee, twende naye sasa. Kwa miguu tukianza saa hii, kabla ya magharibi tumefika. Kesho maji mafu, mashua haitasogea pwani."

"Gari langu litaruka mpaka Mokowe."

"Lini?"

"Litaruka."

"Lini, ami?"

Nikasema punda kwanza aje anifundishe kuendesha. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao alikuwa anatazama chini. Nikawaambia wakiondoe kitanda chao chenye sanda mlangoni kwangu kabla sijakifanya kuni. Wakakiinua. Obeid hakunifanyia mzaha. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikaingia. Khairiya kamkumbatia mamake kwa nyuma. Nikakaa chini, nikafanya mzaha wangu. Nikasema, Mama Khairiya, nimeosha kabureta, nimesugua plagi, nimefukuza nyigu. Niambie wewe sasa, nikufungue wapi?

Alinyanyua kidole. Ningoje. Kisha akasema, neno moja moja, na kila neno limepanda mlima wake:

"Kuingia... yaingia. Haitoki. Nimejaa."

Miaka yote hii mimi nafikiri pumu ni mtu kukosa pumzi. Namwambia vuta, Mahfudha, vuta! Kumbe anayo. Amejaa nayo. Haina pa kutokea.

Nikatoka nje. Nikalizunguka gari mpaka nyuma, mahali nisipopatazama siku zote hizi kwa sababu nilijua pamekwisha kutengenezwa. Nikamwita Wazir awashe. Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la moshi. Injini nzima ile inafanya kazi — na kiganjani mwangu ni pumzi ya kuku. Nikamwambia akanyage. Akakanyaga mpaka bati. Pumzi ya kuku.

Linavuta. Haliwezi kutoa.

Wazir akashuka, akaweka kiganja chake kando ya changu. Tukatazamana. Uso wake ulianguka kama nguo kwenye kamba.

"Pamba yangu," akasema.

Nikamwambia pamba yetu. Mimi ndiye niliyeshika taa.

Kiza kimeingia. Nati zimeoza, zinataka kulowekwa mafuta mpaka kesho. Nimezimiminia.


Jumamosi, 9 Machi

Nati ya kwanza ilitoka kabla ya jua. Ya pili ilikataa mpaka jua limepanda. Ya mwisho tumeikata kwa tindo. Bomba likaanguka mtangani. Wazir akapitisha fimbo ya chuma, akasukuma, na likatoka donge! Pamba, sifa na masizi, yameiva pamoja kwa moto, gumu kama kaimati ya juzi. Alikuwa amepigilia kwa moyo mmoja, pamba ikapita ukuta wa bomba ikaning'inia ndani, na kila siku moshi ukaipika kidogo. Nimelitupa donge kichakani. Wazir akalifuata, akaliokota, akalifunga kwenye leso yake. Sijui la nini.

Bomba lenyewe bovu lote, halirudishiki. Nikasema twende bila bomba. Nikapiga hendeli.

Lo! Lo! Sauti! Ndege wa mashamba yote ya Hindi waliruka kwa pamoja. Mbuzi wa jirani kakata kamba. Nilikanyaga kidogo tu, gari likaruka kama limechomwa mwiba. Mzima! Gari zima kabisa!

Moshi ulikuwa unajaa mbele nilipo mimi, basi Mahfudha tukamweka nyuma, kwenye mbao za mizigo, godoro, mito, Khairiya kamshika. Nikawaambia nyuma kuna upepo mzuri. Adhuhuri imeshaingia. Nikamwambia Mahfudha, leo utaona.

Mpando ule niliupanda kwa gia ya pili. Ya pili! Mtanga unaruka huku na huku kama maji ya bahari. Na nani yuko juu ya mpando, kando ya ndia? Obeid, na punda wake, na kile kitanda kimefungwa juu ya punda, miguu juu. Anaelekea Mokowe. Hakuna aliyemtuma. Nikapiga honi mpaka basi. Nikampita! Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele: msalimie punda! Naye aliinua mikono miwili, anapungapunga, anasema kitu. Nikajua ananishangilia.

Nilicheka ndia nzima. Naimba, injini inaimba, sisikii lolote duniani ila mimi na gari.

Mokowe watu walitoka majumbani. Nikazunguka mbele yao mara moja, ili waone. Nikazima.

Kulipokuwa kimya ndipo nikasikia. Khairiya anagonga bati nyuma ya kichwa changu. Anagonga, anagonga. Hakuwa ameanza hapo. Kiganja chake kimechubuka. Alikuwa anagonga tangu mpandoni.

Moshi ulikuwa unapanda nyuma, kupitia mbao. Hapakuwa na upepo mzuri. Shuka ilikuwa imeingia weusi. Mahfudha kakaa, kainama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda, yanapanda, hayashuki. Midomo yake ina rangi ambayo siitaki kuiandika.

Nikamwambia tumefika, Mama Khairiya. Nikamwambia gia ya pili. Khairiya akasema, "Baba, nyamaza." Sijawahi kuambiwa neno hilo na mtoto wangu. Nimenyamaza.

Na bahari iko mbali. Maji mafu, nayo yamekupwa. Mbele yetu ni matope mpaka kule, na mashua imesimama mwisho wa matope. Nahodha kapiga ukelele: hawezi kusogea, mpaka usiku. Au mgonjwa aletwe. Akasema hawezi kubebwa mgongoni hivyo alivyo, abebwe kwa kitanda, amekaa, watu wanne, taratibu. Watu wanne wamepatikana papo hapo, wamekunja vikoi. Wanangoja.

Kitanda hakuna. Kitanda kiko ndiani, juu ya punda.

Nimesema nirudi na gari nikakichukue. Khairiya kasema, usiliwashe. Usiliwashe hapa.

Basi tumekaa. Wamemshusha, wamemweka kivulini mwa ukuta wa ghala. Nilitaka kumpa mgongo aegemee kama siku zile, akaanza kukohoa. Nanuka moshi, kanzu yote, ndevu zote. Khairiya kanisogeza kwa mkono. Nimeketi huku upande wa pili, nimetoa daftari ili mikono iwe na kazi. Namwona kutoka hapa. Ananitazama. Hana hasira. Ningependa awe na hasira.

Watu wanakuja kuniuliza lilikuwa na nini gari, Bwana Famau? Siku nyingine ningewapa habari mpaka magharibi. Nimewaambia lilikuwa limejaa.

Ndia naitazama mpaka pale inapopinda. Hakuna kitu. Mtanga tu, na alama za magurudumu yangu.

Mahfudha kafumba mato. Kafumbua. Bado ananitazama.

Jumamosi ile, pale mpandoni. Hakucheka. Hilo nimelitia mimi, na nimelisimulia mara nyingi hata nikaanza kulisikia. Alishika mlango, na mato yalikuwa na machozi, hiyo ni kweli. Akasema, "Baba Khairiya, nishushe. Mwambie Obeid walete kitanda."

Kule — masikio mawili. Naye Obeid anamkokota, anakimbia, kanzu kaikamata kwa meno. Bado mbali sana.

Siku ile alikuwa karibu. Ningeita kidogo tu, angesikia.